Kopo la Dawa Zilizobaki

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ile haijanitoka masikioni. Khrrr. Kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, vyumba vitatu mbali. Nimeisikia asubuhi nikifungua banda. Ilitoka kooni mwa Bibi Harusi, kuku mweupe wa Mama, na Bibi Harusi yuko upande wangu.

Maelezo kwa watakaosoma haya nikishakuwa mtu maarufu. Mama amekwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa goti. Wiki tatu. Kabla ya kuondoka alikata banda katikati kwa wavu: kuku ishirini kwangu, ishirini kwa Wifi, mke wa Kaka. Akirudi atakagua, na atakayekuwa ametunza vizuri, banda ni lake moja kwa moja. Akamalizia kwa "tutaona", akaniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Nina shahada ya sayansi ya viumbe. Wifi ana cheti cha ushonaji. Nimemwonea huruma mpaka chai yangu ikapoa.

Jumanne, 4 Machi

Wanaokoroma sasa ni watatu. Hakuna wasiwasi. Nina kopo.

Nililianzisha chuoni. Kila nikiandikiwa dawa nameza mpaka nijisikie vizuri, basi, zinazobaki zinaingia koponi. Kuna za jino la Kaka, za kifua cha Shangazi, na unga wa dawa ya kuku wa mwaka juzi. Wenzangu humaliza dozi. Watu wasiojua kuweka akiba hao.

Nimesaga vidonge vitatu vya njano na kimoja na nusu cha waridi, nikakoroga kwenye maji ya kuku. Kipimo: jicho. Wifi akachungulia wavuni akauliza, we wifi, ni nini hicho? Vitamini, nikamwambia. Akasema mbona vitamini zinanuka hospitali. Mtu anayekanyaga dishi la dawa ya kuua vijidudu kila anapoingia bandani, anayevaa mabuti ya kuingilia humo tu, na anayenawa mikono kwa sabuni kama anakwenda kupasua moyo wa mtu, hana la kuniambia kuhusu harufu.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Wawili wamenyamaza kabisa, wa tatu anajivuta. Nimesimamisha dawa mara moja na kurudisha unga uliobaki koponi. Siku mbili tu! Nimempigia Mama kumweleza. Amesema vizuri, mwanangu, halafu akaomba azungumze na Wifi.

Jumapili, 9 Machi

Khrrr imerudi, na imeleta ndugu zake. Saba. Nimewapa za waridi peke yake. Hawakujali. Nimewapa za Shangazi. Wamezidi.

Nimekwenda duka la dawa za mifugo. Mwenye duka akaniuliza daktari wa mifugo amesemaje. Nikamwambia daktari ndiye mimi, anayezungumza naye sasa hivi. Hakutaka kuona cheti, na huo ndio ustaarabu ninaoupenda. Akanipa chupa, akasema hii, dada yangu, hata ng'ombe aliyelala anasimama, ila siku tano usiruke hata moja. Nitawapa mbili. Kuku si ng'ombe.

Kinachonisumbua ni kuku wa Wifi. Wote ishirini wazima, wanatembea kama wameajiriwa. Alikuwa na mmoja aliyepiga chafya. Akamtenga kwenye tenga nyuma ya jiko, akaita daktari wa mifugo, akafuata kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jioni nimeazima mabuti ya Wifi bila kumsumbua kwa kumwomba. Nimezunguka nayo upande wangu mara sita, pale penye kinyesi kingi, nikayarudisha mlangoni kwake. Sikukusudia lolote. Nilikusudia kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Wifi aliona maranda machafu ya sakafu ya upande wangu kwenye nyayo za mabuti yake. Aliyasugua kwa dawa, akayaanika juani, akaniletea bakuli la uji kwa sababu eti nimekonda. Mwanamke huyu ana hila.

Kuku wangu wanne wamekufa. Bibi Harusi yuko hai, kwa hasira tu nadhani. Leo nilimfungua mdomo nimtilie dawa moja kwa moja, akanidonoa kidole cha shahada, akafika mfupani. Nimefunga kitambaa nikaendelea na kazi. Mikono nitanawa nikipata nafasi.

Ijumaa, 14 Machi

Kidole kimekuwa biringanya. Nilianza na kopo, bila shaka. Za njano: hakuna. Za jino la Kaka: hakuna. Wifi aliona mstari mwekundu unapanda mkononi, akanishika kama mzigo akanipeleka kituo cha afya. Njiani akawa ananisema, wewe na kusoma kwako kote.

Daktari ni msichana wa umri wangu, jambo ambalo halikunifurahisha. Akachukua usaha kwa pamba, akanichoma sindano, akasema nirudi Jumatatu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeonyeshwa bakteria wangu. Sahani ya plastiki, imetandwa utando mweupe, na juu yake vikaratasi vinane vya duara, kila kimoja kimeloweshwa antibayotiki yake. Dawa ikiweza, huacha duara tupu pembeni yake. Vikaratasi saba vya kwangu havikuwa na duara lolote. Bakteria wamesogea mpaka ukingoni, kama wageni walioona sahani ya nyama. Cha nane kilikuwa na duara, dogo.

Daktari akaniuliza kama nafuga kuku, na nawapa nini. Nikasema vitamini. Wifi akanikanyaga mguu. Nikataja zote. Kila nikitaja moja, daktari anagusa kikaratasi kimojawapo kwa kalamu. Akasema: dada, kila ukiwapa kidogo ukaacha, dhaifu wanakufa na sugu wanabaki wanazaana. Hawa umewafundisha mwenyewe.

Nakiri nilijisikia mwalimu kwa dakika moja.

Kisha akaniuliza kama somo la usugu wa dawa nimewahi kulisikia. Nimewahi. Chuoni niliandika insha ya kurasa kumi na mbili. Nilipata A.

Sauti yake ikashuka. Imebaki dawa moja tu. Vidonge kumi na vinne, viwili kwa siku, siku saba, hata kidole kikinyooka siku ya tatu. Nikiacha katikati na hiyo nayo ikashindwa, tutazungumzia kukata, na si lazima iishie kwenye kidole. Akanitaka nirudie maneno yake kwa sauti. Nimeyarudia. Wifi alikuwa analia. Mimi nilikuwa nalitazama lile duara.

Alhamisi, 20 Machi

Dawa ya ajabu. Uvimbe umekwisha, naweza kukunja kidole. Wifi ananihesabia vidonge kila asubuhi na kila jioni. Vimebaki saba. Nimemwambia kuanzia sasa nitajihesabia mwenyewe, mimi si mtoto. Amenikabidhi pakiti shingo upande.

Ijumaa, 21 Machi

Mama anafika kesho mchana. Amepiga simu, akauliza kama kuku wake ni wazima. Nimesema wanamsubiri.

Hali halisi: Wifi ishirini, wote wanataga. Mimi kumi na nne, maana wawili zaidi wamekufa, na tisa wanakoroma. Wifi amekuja wavuni akasema tumwambie Mama ukweli, wifi yangu, tuunganishe banda tulitunze pamoja, yeye hana neno. Nimemshukuru. Moyo mzuri kama huo ungestahili banda, kama ungekuwa na elimu.

Daktari naye amepiga kuuliza kama vidonge vinaendelea. Nimesema vinaendelea vizuri. Hakuuliza wapi.

Kidole kinapwita kidogo. Ni kuandika tu huku. Suala la kukoroma nimeshalimaliza: saa moja asubuhi nilisaga vidonge vyangu vyote saba, nikavikoroga kwenye maji ya kuku, nikapitisha kikombe kimoja wavuni upande wa Wifi nisije nikaonekana mchoyo, na Bibi Harusi amekunywa wa kwanza.