Uwanja wa Istar Jeylani Wafunguliwa Rasmi

Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti wangu, ambaye pia ni shemeji yangu. Waheshimiwa wanachama wa Kamati Maalumu ya Uratibu wa Vipaji vya Michezo, Kitengela na Viunga Vyake, mliofika, mliotuma udhuru, na ambao hamkutuma lakini chakula chenu kimepikwa. Viongozi wa dini. Wazee wetu wa Kimaasai, sopa! (Umati: "Epa!") Ndugu zetu wa kutoka Kaskazini Mashariki, asalaam aleikum; watu wetu wa Mlimani, ambao hawahitaji salamu kwa sababu tulisalimiana asubuhi; wageni wa kutoka Namanga, Rombo na hata Oltepesi; mabibi na mabwana; na kwa namna ya kipekee kabisa mimi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Wanyoike, mwenyekiti wa kamati hii tangu ilipoundwa na, Mungu akijalia, mpaka itakapovunjwa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naizingatia sasa hivi. (Makofi kutoka viti vya mbele. Nyuma hakuna viti.)

Tumekutana hapa Kitengela, chini ya jua ambalo kamati yangu haihusiki nalo, ili kufungua rasmi Uwanja wa Kisasa wa Istar Jeylani, ambao uko hapo nyuma ya hayo mabati ya bluu mnayoyaona, na ambao naomba kwa heshima mtu asiuchungulie kabla ya wakati wake, kwa sababu uzinduzi ni mchakato, na mchakato una fremuwaki, na fremuwaki ina hatua, na kuchungulia si hatua. Wewe mama mwenye leso ya kijani, rudi. (Kicheko. Mama anarudi, akitikisa kichwa.)

Niruhusuni kwanza niwaeleze huyu Istar ni nani, kwa sababu kuna watu wanaozunguka wakisema wanamjua kuliko kamati inavyomjua. Mwenyewe yuko hapa jukwaani, mrefu kama mnavyomwona, ametoka chuo kikuu huko Amerika na amevaa jaketi la timu ya taifa katika joto hili, jambo linaloonyesha uzalendo. Baba yake ni Mzee Jeylani, mfanyabiashara wa mifugo, mtu ambaye mbuzi wake wamelisha nusu ya harusi za kaunti hii. Simama, mzee, watu wakuone. (Mzee Jeylani anasimama nusu, anaketi. Makofi makubwa.) Makofi hayo yatosha, tuna ratiba.

Binti huyu aligunduliwa na kamati yangu akiwa shule ya upili, Kajiado.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Aligunduliwa na nani?")

Aligunduliwa na kamati yangu, kwa kushirikiana na wadau wa nyanjani, miongoni mwao mwalimu mmoja wa hisabati aitwaye Mwelu, ambaye naona amesimama kule nyuma. Mwalimu Mwelu, karibu. Ninazo taarifa kwamba siku moja Istar alikuwa akipita kando ya uwanja wa mpira wa vikapu, mpira ukatoka nje kwa kasi ukielekea usoni mwa msichana mdogo, naye akaudaka kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika ndoo ya maji, na maji hayakumwagika. Mwalimu Mwelu akamwambia, "Weka ndoo chini, uje." Hayo ndiyo yote aliyosema. Kamati yangu, baada ya fizibiliti stadi na mikutano ya stekiholda, ilifikia uamuzi uleule miaka minne baadaye. (Kicheko.)

Ikumbukwe kwamba mzazi alikuwa na wasiwasi. Ni kweli, Mzee Jeylani? Alisema binti yake hatakimbia mbele ya watu miguu wazi. Hapo ndipo, nasema bila kujisifu, mazungumzo ya ngazi ya juu yalipofanyika baina ya

(Mama Ruqia, mama yake Istar, kutoka hema la wanawake: "Mwalimu alikuja nyumbani! Alikuja na suruali ndefu na hijabu ya michezo, ameshona mwenyewe! Akakunywa chai, akangoja mpaka baba yake amekubali. Wewe hatukukuona!")

baina ya mzazi na serikali, ikiwakilishwa na mavazi. Asante, Mama Istar. Michango kutoka sakafuni tutaipokea baadaye. (Vigelegele.)

Sasa nije kwenye suala ambalo limepotoshwa sana na watu wa mitandao. Inasemekana kwamba siku ya mchujo wa timu ya taifa kule Nairobi, kamati yangu iliahidi gari, na gari halikufika. Naomba niliweke jambo hili katika muktadha wake. Gari lilikuwepo. Gari lilikuwa na mafuta. Gari siku hiyo lilikuwa limenipeleka mimi kwenye warsha ya siku mbili kule Naivasha kuhusu usafiri wa wanamichezo. (Mluzi mrefu.) Huwezi kusafirisha wanamichezo kabla hujafundishwa namna ya kuwasafirisha, hiyo ingekuwa ni kubahatisha na maisha ya watoto wetu.

Basi msichana akakaa na mwalimu wake kando ya barabara kuu tangu alfajiri, begi miguuni, wakitazama kila gari linalotokea upande wa Kajiado. Nimeambiwa alisema, "Mwalimu, wametusahau." Na mwalimu akajibu, "Basi na sisi tuwasahau." Naona si maneno mazuri kufundisha mtoto. Wakampigia simu Mzee Jeylani, ambaye lori lake lilikuwa likielekea sokoni na mbuzi, naye akaligeuza. Hakuuliza swali. Mwalimu alikaa mbele na dereva na mzee. Istar akapanda nyuma na mbuzi, amesimama, ameshika chuma, amevaa jezi ya shule. Walipofika mchujo ulikuwa umeanza. Wasichana wa shule kubwa kubwa wakaziba pua. Mmoja akasema, "Huyu ananuka soko."

(Sauti ya kijana: "Na akawapiga!")

Aliwapiga, ndugu yangu, na ninataka ieleweke ni kwa sababu gani aliwapiga. Mtu aliyesimama kwenye lori la mbuzi kutoka Kitengela hadi Nairobi bila kuanguka, hakuna mtu anaweza kumsukuma uwanjani akaanguka. Hiyo inaitwa resiliensi. Na resiliensi hiyo ilijengwa na nani? Ilijengwa na kutofika kwa gari la kamati yangu! (Kelele. Naibu Mwenyekiti anapiga makofi peke yake.) Wanyamazisheni, bado sijafika Amerika.

Alichaguliwa siku hiyohiyo, mdogo kuliko wote kikosini. Baadaye chuo kimoja cha Amerika, mahali penye theluji mpaka madirishani, kikampa nafasi ya masomo kwa ajili ya mchezo. Habari zilipofika ofisini kwangu kwamba binti yetu ameenda kuwa gadi, nitasema ukweli, tulihuzunika. Tulijua magadi. Hata mimi niko na mmoja pale getini, mzee mzuri tu, ana rungu. Niliitisha kikao cha dharura kujadili jinsi mtoto aliyefaulu hivi anavyoweza kusafirishwa ng'ambo kulinda mlango. (Kicheko kikubwa. Istar anafunika uso.) Ndipo tukaelimishwa kwamba katika mpira wa vikapu gadi ni yule anayepanda na mpira, anayeona wenzake wako wapi, anayeamua nani apewe. Nikasema, kumbe ni kazi kama yangu! (Umati: "Zii!")

Mwaka wake wa kwanza hakucheza. Watu hapa hawajui hilo kwa sababu yeye hakusema, lakini alikaa kwenye benchi msimu mzima, baridi imemuingia kwenye mifupa, na kocha wa huko hawezi hata kulitamka jina lake. Usiku mmoja wa huko, asubuhi yetu, akampigia baba yake akilia. "Aabo, nataka kurudi." Mzee, ulimwambia nini? Waambie. Kwa ufupi.

(Mzee Jeylani, bila kusimama: "Nilimwambia mbuzi asiponunuliwa siku ya kwanza, mwenye akili hamchinji kwa hasira. Anamrudisha nyumbani, anamlisha, anamleta tena soko. Nikamwambia wewe ndio mbuzi na wewe ndio mwenye mbuzi. Ulale, kesho uende soko." Vigelegele, watu wa sokoni wanainua fimbo.)

Asante. Hivyo ndivyo tunavyosema pia katika mpango mkakati wetu, ukurasa wa mwisho. Akabaki. Mwaka wa pili akaingia mchezoni gadi mwenzake alipoumia, na hakutoka tena mpaka akahitimu, na huko chuoni hakuna msichana aliyewahi kuwapasia wenzake mipira mingi ya kufunga kama yeye. Kwa takwimu za kamati yangu, jambo hilo limepandisha michezo katika Kitengela kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Sauti: "Ya nini?") Ya jumla. Ni asilimia ya jumla.

Na sasa fainali. Wote mliiona fainali ya kanda ya timu yetu ya taifa, hata wale ambao stima ilikuwa imepotea mliiona kwa simu ya jirani. Tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde zinaisha, na mpira uko mikononi mwa Istar. Dakika chache kabla alikuwa ameangushwa vibaya, goti limefungwa bendeji, na kila mtu ndani ya ukumbi ule alijua ni yeye atakayepiga. Wapinzani walijua, wakamvamia wawili, wakubwa, kama milango. Mimi nikiwa sebuleni nikamwambia mke wangu, "Apige! Apige!" Naye hakupiga. Aliruka kama anayepiga, akaupeleka mpira chini ya kwapa la yule mkubwa, na upande wa pili alikuwepo Wakhungu, yule msichana mpole wa katikati ambaye mchezo mzima watu walikuwa wakimzomea kwa kukosa, yuko peke yake chini ya ringi, hana mtu. Wakhungu akafunga. (Makofi ya muda mrefu, kana kwamba imetokea sasa.)

Waandishi wakamuuliza Istar, kwa nini hukupiga wewe, jina lako lingekaa milele? Akasema, "Wakhungu alikuwa wazi." Basi. Mimi ningesema zaidi. Na ndiyo maana ninasema kwa niaba yake leo.

(Istar anainuka. Anasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kinamdaka: "Mheshimiwa, naomba niulize. Hawa wasichana wa shule hapa chini ya jukwaa wamekuja na mipira. Shule yao imefanya uwanja wao parking ya magari. Watacheza wapi kesho?")

Swali zuri sana, na linanipeleka moja kwa moja kwenye ahadi. Uwanja huu utakuwa na sakafu ya mbao, taa, bafu za maji moto na saa ya kielektroniki inayohesabu kurudi nyuma. Kufikia mwaka ujao kila kata itakuwa na kikapu, na kufikia mwaka unaofuata kila kikapu kitakuwa na kata. Tumeshaenda benchimaki, yaani kujionea ya wenzetu, Dubai mara mbili, na mara ya tatu tunakwenda kuthibitisha tulichokiona mara ya pili. Keti, mwanangu, umechoka na safari.

(Istar haketi.)

Kwa hivyo nawaomba tuseme pamoja. Kitengela kwa vikapu! (Umati: "Vikapu!") Istar juu! (Umati: "Juu! Juu zaidi!") Mwalimu Mwelu... hapana, hiyo haiko kwenye hotuba. (Umati: "Mwalimu juu!") Kamati juu! (Mbuzi analia mahali fulani nyuma ya mabati.) Tuchukulie hilo kuwa ni jibu.

Nimalizie kwa shukrani, kwa maana mtu asiyeshukuru ni mchawi. Namshukuru Mzee Kuntai, mwenye shamba hili, ambaye ametuazima malisho yake mpaka saa kumi, ingawa amekataa kuuza, amekataa kukodisha, na asubuhi ya leo ameniambia mbele ya shemeji yangu kwamba hajawahi kusikia habari ya uwanja. Nawashukuru wenye duka la vifaa vya ujenzi kwa kutuazima hayo mabati, ambayo hayajatobolewa kama tulivyokubaliana na ambayo vijana wao, naona, wameshaanza kuyafungua. Vijana, subirini kidogo. Vijana! (Mabati yanashuka moja baada ya jingine. Nyuma yake ni udongo mweusi uliopasuka kwa kiangazi, mbuzi wa Mzee Kuntai, na nguzo moja ya kikapu imesimamishwa kwa mawe.) Na naishukuru shule iliyotuazima nguzo hiyo kwa ajili ya picha, picha ipigwe haraka, lori la kuirudisha limefika. Mradi wenyewe, ndugu zangu, nitauwasilisha kwenye kamati, ili kamati ione kama ni wazo zuri.

(Istar ameruka kutoka jukwaani. Amevua jaketi, amelifunga kiunoni. Anawaambia wasichana, "Mbuzi toeni polepole. Hapa mpira haudundi, kuna nyufa, kwa hivyo hakuna kudunda. Ni pasi tu. Nani yuko wazi?" Mwalimu Mwelu tayari amesimama chini ya ringi.)

Istar, mwanangu, programu haisemi hivyo. Dereva wa lori, chukua nguzo yako. Dereva! Mbona umezima gari? Mbona umekaa juu ya boneti? Mzee Kuntai, saa kumi imefika, waambie hawa.

(Mzee Kuntai: "Wacha wamalize.")

Waheshimiwa, naomba mnitazame mimi. Hotuba bado ina ukurasa.

(Pasi, pasi, pasi. Mpira unamfikia msichana mdogo kuliko wote, ambaye hakuna aliyemkaba. Anarusha kwa mikono miwili kutoka tumboni. Unagonga chuma, unazunguka, unaingia. Uwanja mzima unalipuka kwa makofi, vigelegele na fimbo hewani.)

Asanteni. Asanteni sana. Makofi kama haya, nasema kutoka moyoni, sijawahi kupigiwa maishani.