Mtoto wa Dada Yangu Amenivua Jina la Mmarekani

Leo nimevuliwa jina mchana peupe, na mama yangu mzazi akiwa ameketi hatua tano kutoka nilipokuwa. Video iko. Nawaandikia haraka haraka kabla haijawafikia, angalau mnisikie mimi kwanza.

Kwa wasionijua, naitwa Onchiri, nachonga mawe ya sabuni hapa Nyamarambe. Lakini ukishuka sokoni uanze kuulizia Onchiri utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Mmarekani. Hata mtoto wa nasari atakuleta hadi mlangoni. Jina hilo nililipata miaka kumi na tisa iliyopita, niliporudi kutoka Amerika nilikokaa miaka miwili nikipanga maboksi kwenye ghala. (Miaka miwili na mwezi mmoja. Huo mwezi huwa siuachi.) Tangu hapo, swali la Amerika likizuka, iwe kwa kinyozi au matangani, watu wananyamaza na kunigeukia mimi.

Na somo langu kubwa ni moja tu. Wamarekani hawajui mpira. Nimelifundisha mpaka wazee wanalikariri. Hao, nawaambia, ni watu wa besiboli. Mmoja anarusha kijipira, mwingine anakipiga kwa gongo, wa tatu amechuchumaa nyuma yake akikidaka kwa glavu kubwa ya ngozi, na uwanja mzima unatazama ukila karanga. Mpira wa miguu kule ni wa watoto wadogo, ili wachoke walale. Iliposikika kwamba Kombe la Dunia limepelekwa huko, walikuja kuniuliza imekuwaje. Nikawajibu bila kupepesa jicho: wamepewa kwa sababu wana nafasi ya kuegesha magari. Wakaridhika, wakaenda nyumbani.

Sasa, nina dada anaitwa Bosibori, anayenifuata mimi. Tulikua tukigombania mpira wa nyuzi za migomba nyuma ya jiko la Mama. Aliolewa Nyamira, wakahamia Amerika na mumewe, na binti yao Kwamboka akazaliwa huko. Kwamboka sasa ana miaka kumi na sita na hajawahi kukanyaga huku. Wiki jana alitua kwa babu yake Nyamira, mamake amebaki kazini. Ijumaa akaletwa kwetu, kwa maana mtoto wa dada hawezi kufika nchi hii akarudi bila kula kwa wajomba zake.

Nilikuwa nimejiandaa, jameni. Nilimchongea besiboli ya jiwe la sabuni. Wiki nzima! Mviringo kamili, nimeipiga msasa mpaka inateleza mkononi, nikaichora zile nyuzi nyekundu za mshono wake moja moja. (Kazi safi. Hilo hata wanaonicheka leo wamelikubali.) Nikamkabidhi mbele ya sahani ya obokima, ugali wetu, na mboga za chinsaga, kichwani nina kofia yangu ya Amerika. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu mpaka Mama akatabasamu, kisha akaniambia polepole kwamba yeye hajawahi kucheza besiboli. Shuleni kwao, yeye na marafiki zake wote wanacheza soka. Nikampigapiga begani. Nikajiambia mtoto amechoka na safari.

Jana Jumamosi ilikuwa Sabato yetu, hakuna aliyegusa mpira. Leo Jumapili ndiyo ilikuwa mechi yetu ya kila Desemba: wazee dhidi ya wasichana wa kanisa, uwanja wa shule ya msingi. Kipa wa wazee ni mimi. Hatujashindwa miaka minne. (Refa ni mzee wa kanisa, rika letu. Sisemi zaidi.)

Tulipokuwa tukifunga kamba za viatu, Mokaya akaanza. Mokaya ni kinyozi, ni beki wangu, na ndiye mdomo wa soko zima. Akaniuliza kwa sauti kama huyo mpwa wangu naye anaingia, maana amemwona pembeni akichezesha mpira kwa goti bila kuuangusha. Watu wakageuka. Mimi huwa siwezi kuona watu wamegeuka nikanyamaza.

"Huyo ni mtoto wa Amerika," nikawaambia. "Akinifunga goli hata moja, kuanzia leo msiniite Mmarekani tena."

Hakuna aliyekuwa ameniomba kiapo. Nilijitakia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Na sikukomea hapo. Nilitembea mpaka kwa kapteni wa wasichana nikamshauri kiutu uzima amwingize Kwamboka kipindi cha pili, mgeni naye apate raha kidogo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wakiwa na mtu asiyejua mpira, kwetu kazi inapungua.

Kisha nikaenda kuchukua glavu.

Hii glavu niliachiwa na mzee aliyenipangisha chumba kule Amerika. Mtu mwema sana. Kila jioni nikitoka kazini alinikalisha sebuleni kwake tukatazama besiboli, akinieleza kila kitu polepole mpaka nikaipenda kweli. Siku ya kuondoka akanivua kofia yangu, akanivisha yake, akanipa na glavu yake. Ni moja tu, ya mkono wa kushoto, kubwa, unaweza kubebea viazi. Miaka yote hiyo imening'inia ukutani kwangu nikiipangusa vumbi. Leo nikaona siku yake imefika.

Mjue basi kwamba niliingia golini nikiwa na kofia ya besiboli, na glavu moja ya besiboli. Mama alikuwa amewekewa kiti chake cha plastiki kando ya mlingoti wa goli langu. Nyuma yake amesimama mke wangu na simu juu, Bosibori akitazama moja kwa moja kutoka Amerika, kwao bado alfajiri. Nikampungia glavu. Nikasikia dada yangu akicheka, na sikujiuliza anacheka nini.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Hakuna aliyefunga. Shuti moja lilinijia, nikalidaka kwa glavu, watu wakapiga makofi. (Mpira ulikuwa unakuja polepole. Ila makofi ni makofi.) Wakati wa mapumziko tulibadilishana magoli, na kiti cha Mama kikahamishwa kunifuata.

Kipindi cha pili Kwamboka akaingia.

Mara ya kwanza alipopata mpira, Mokaya alimwendea akiwa anatabasamu, vile mtu mzima anavyomwendea mtoto aliyeshika kitu cha kuvunjika. Sijui nini kilitokea. Nilichoona ni Mokaya akitazama kushoto na Kwamboka ameshapita kulia. Uwanja ukaguna. Mara ya pili Mokaya hakutabasamu tena, na akapitwa tena, safari hii mpira ukimpita katikati ya miguu. Nikajiambia ni bahati. Mara ya tatu mpira wake ukagonga mlingoti wangu, kiti cha Mama kikatetemeka, na kofia yangu ikaanguka yenyewe kwa mshtuko. Bahati haigongi milingoti namna hiyo.

Nitasema ukweli wangu wote leo. Hapo nilihisi vitu viwili kwa wakati mmoja. Nilihisi jina langu linaondoka. Na nilihisi kifua kinavimba, kwa sababu mtoto alikuwa anacheza, wacha utani. Alikuwa anainua kichwa kabla hajapokea mpira. Alikuwa anawaita wenzake kwa majina, majina ya watoto aliowajua juzi tu. Nilitaka kumwambia kila mtu uwanjani kwamba yule ni wetu. Ila nilikuwa kipa wa upande wa pili, na nilikuwa nimeapa.

Zikiwa zimebaki dakika chache Mokaya alimshika jezi ndani ya boksi. Alimshika kwa mikono miwili, mbele ya kila mtu. Hata refa wetu, pamoja na kuwa rika letu, hakupata pa kujificha. Penalti.

Wasichana wakampa Kwamboka mpira. Uwanja ukatulia mpaka nikasikia ng'ombe upande wa pili wa barabara.

Sasa, mtu mwenye akili angesimama katikati ya goli, akapanua mikono. Mimi nilikuwa na glavu ya besiboli mkononi na macho ya Nyamarambe yote mwilini. Nikamkumbuka yule mdakaji wa kwenye televisheni ya mzee wangu, anavyochuchumaa akaweka glavu mbele, mpira ukaja wenyewe. Nikachuchumaa. Nikaweka glavu mbele. Nikaipigapiga ndani kwa ngumi, kama wanavyofanya.

Nina miaka arobaini na minane. Na kutwa nzima nakaa kwenye kigoda kifupi nikichonga mawe. Magoti yangu, yakishakunjika, huwa yanataka kupewa muda.

Kwamboka akauweka mpira chini, akaniangalia, akaonekana kuingiwa na wasiwasi wa kweli.

"Mjomba, uko sawa?" akaniuliza. "Nisubiri usimame?"

"Piga," nikamwambia. "Hapa ndipo ninapodakia."

Akapiga. Hakupiga kwa nguvu. Aliugusa tu kwa ndani ya mguu, mpira ukaanza safari yake kuelekea kushoto kwangu, chini, taratibu kabisa. Nilikuwa na muda wa kuuona. Nilikuwa na muda wa kuamua. Nikaamua kuinuka, na magoti yakakataa. Nikaamua kuruka nikiwa vilevile, yakakataa hilo pia. Nilichoweza ni kugeuza shingo. Basi nikausindikiza kwa macho, ukapita karibu na kidole cha glavu, ukavuka mstari, ukasimama. Haukufika hata kwenye nyavu.

Kabla shangwe haijalipuka, nilisikia sauti ya Mama kutoka kwenye kiti chake, kavu, bila haraka.

"Onchiri, kwani wewe ulikaa Amerika gani?"

Jamani. Huyo ni mwanamke aliyeuza ng'ombe nikaenda. Nilitaka kuondoka, ila bado nilikuwa nimechuchumaa. Ilibidi waje wanaume wanne. Wakaninyanyua nikiwa nimekunjika vilevile, glavu ikiwa bado iko mbele, wakanitoa uwanjani, wakanitua kando ya Mama. Mke wangu hakushusha simu hata mara moja. (Hilo tutalizungumza nyumbani.) Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Wasichana moja, wazee bila.

Wenzake walikuwa wanamrusha Kwamboka juu, lakini aliwaomba wamshushe, akaja kuketi nami majanini, akaanza kunichua magoti kwa mafuta ya Mama. Nikamuuliza kama besiboli imekufa huko kwao. Akasema hapana, mzee jirani yao anaipenda sana, na yeye humpelekea chai wakaitazama pamoja. Ila kwa vijana wa rika lake mambo yamebadilika. Ule uwanja wa besiboli ulio karibu na kwao umewekwa magoli, na Jumamosi asubuhi usipowahi hupati pa kukanyaga. Shuleni kwao wasichana wanaotaka kucheza soka ni wengi mpaka wanachujwa. Yeye alichujwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akarudi, sasa ni kapteni.

Kapteni! Mtoto wetu! Na wiki nzima nilikuwa nachora nyuzi nyekundu.

Nikamuuliza tena, maana lilikuwa linanikera, alijuaje kupiga kushoto.

"Mama aliniambia," akasema, akainamisha kichwa kidogo. "Alisema mjomba wako haendi kushoto. Tangu mkiwa wadogo."

Kwenye simu Bosibori alikuwa amejifunika uso kwa shuka, anacheka mpaka picha inatikisika. Kisha Kwamboka akaniambia kitu ambacho hakimo kwenye video, ndiyo maana nakiandika hapa. Alisema alipochujwa ule mwaka, mamake alimpeleka nyuma ya nyumba, akamfundisha kupiga mpira kwa ndani ya mguu, mpaka giza. Akamuuliza mamake amejifunzia wapi, naye akamjibu kwamba alifundishwa na kakake, nyuma ya jiko huko nyumbani, na kwamba kaka huyo ndiye aliyekuwa akimsukia mpira kwa nyuzi za migomba.

Huyo kaka ni mimi. Nilitazama pembeni kidogo. Yalikuwa ni mafuta ya kuchua, yanaingia machoni.

Kwa hivyo tuelewane. Mkisikia mpira unakua Amerika, sehemu ndogo ya kazi hiyo ilifanyika Nyamarambe, na fundi mnamjua. Nimepita dukani jioni hii nikichechemea, nikasikia nyuma yangu, "Mjomba wa Kwamboka, magoti yanaendeleaje?" Nikageuka mara moja. Jina lilikuwa limeshanizoea.

Hivi sasa nimekaa kibarazani na patasi, naondoa nyuzi nyekundu kwenye lile jiwe niweke viraka vya mpira wa miguu, ameniomba arudi nao Amerika. Anayemtafuta Mmarekani aulize jikoni, yuko na nyanya yake wanamenya ndizi. Mimi ni mjomba wake tu, na hili goti la kushoto bado halijanyooka, kwa hivyo nawaomba msinichekeshe.