Mwongozo wa Maoni Binafsi

Kwa heshima na taadhima, mimi Fidelis Mkude, Mwenyekiti wa Kamati ya Fikra Tunduizi, Kanda ya Uluguru, nautangazia umma kwamba wanafunzi wetu wa kidato cha pili sasa wanafikiri. Tena wanafikiri kwa sare. Toka Kisaki mpaka Mlali hukuti fikra mbili zinazogongana.

Tumefanikiwa kwa mtihani. Swali la kwanza lilisema: mto umefurika, kabichi zinaozea ng'ambo, toa maoni yako binafsi. Maoni binafsi sahihi yamo kwenye mwongozo wa usahihishaji: elimu itolewe kwa jamii. Shule ziliyaimba mstarini kila asubuhi, zikayaandika, zikafaulu.

Isipokuwa Veronika wa Mlali. Aliandika, "Jengeni daraja." Tukampa sifuri, yai kabisa. Na kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, anayefeli, awe nani awaye, anarudia darasa.

Mama yake, Josephina, mkulima wa kabichi, alikuja ofisini amelowa mpaka kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, maana mimi nina adabu. Akasema binti akirudia darasa, baba yake anamtoa shule moja kwa moja, akalime. Nikamwelewesha kwamba daraja ni maoni ya kiholela, hayajapitishwa na kikao.

"Mwanangu, mto huo nimeuvuka sasa hivi," akasema.

Nikamwomba asichanganye mto na taaluma. Watu wa mlimani wabishi, aisee.

Siku ya sherehe ya kujipongeza kwa ufaulu huo, mgeni rasmi, Bi Shamsia wa makao makuu, alifika viatu mkononi, gari kaliacha ng'ambo. Akaomba karatasi ya Veronika, akaisoma mara mbili. Kisha akaamuru wanakamati wote tukae kwenye madawati, mbele ya wazazi, tujibu swali moja: kwa nini binti huyu alikosa? Tutoe maoni yetu binafsi.

Wenzangu wakanitazama mimi. Nikanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, mwongozo uko wapi?"

Wazazi wakacheka bila staha. Bi Shamsia akatupa sifuri sote, akampandisha Veronika kidato cha tatu, kisha akaniomba nimsomee ile kanuni yangu kwa sauti.

Nimeripoti Jumatatu, kidato cha pili, dawati la mbele kwa heshima ya cheo. Leo mwalimu kaniuliza nafikiri nini. Nikachungulia daftari la jirani yangu, kumbe naye anachungulia langu.