Malalamiko Dhidi ya Laurensia, Aliyezipatanisha Mashine Bila Kikao

Marui, Kisarawe
Juni 1983

Ndugu Meneja,
Ofisi ya Dawa za Mikorosho, Kibaha.

Baada ya salamu zenye vumbi la shamba, mimi Mashaka Mwinjuma, mjumbe wa wakulima katika kamati yako, na mtu niliyepaka grisi injini za meli mpaka Hamburg (mashine hazinitishi), namshtaki karani wako mpiga chapa, Laurensia.

Unakumbuka kompyuta ilipokuja na mashine yake ya kuchapa vibali vya salfa ya kupulizia mikorosho. Mtaalamu alisema hizi mbili zinazungumza kwa waya, kwa hiyo zote ziwekewe mwendo mmoja wa kutumiana herufi, akapanda gari akaenda zake Dar. Kamati ikagawanyika: wahasibu wanataka elfu moja mia mbili, wapiga chapa wanataka mia tatu. Nikasimama mimi, nikaleta suluhu: kompyuta ipewe elfu moja mia mbili, ya kuchapa ipewe mia tatu, kila upande upate chake. Makofi yalipigwa mpaka chai ikapoa.

Sasa sikia makosa yake:

1. Bila kikao, bila hata hodi, ameishusha kompyuta mpaka mia tatu.

2. Yaani mkubwa anamngoja mdogo! Tukiuzoea mchezo huu, kesho Landrova ya ofisi itasimama Mlandizi impakie mama mwenye mzigo. Tutafika wapi?

3. Vibali vya kijiji cha Magindu vimetoka vinasomeka. Tangu kikao kile, karatasi zikitoka ovyo tuliwalaumu waliotuletea mashine. Sasa salfa ikichelewa tumlaumu nani, Ndugu Meneja? Wewe?

4. Nilipomkemea alinijibu, "Mzee wangu, kwani mashine nazo zilihudhuria kikao?" Ofisi nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, ila kwa uchungu.

Nimekwisha kuamuru kompyuta irudishiwe mwendo wa kikao. Laurensia naomba ahamishiwe ghalani, akahesabu magunia.

Nisalimie wote hapo ofisini, na dereva asisahau kuja kuchukua kofia yake aliyoiacha kwangu.

Wako katika jembe na spana,
Mashaka Mwinjuma

N.B. Zamu ya Marui imefika baada ya ile amri yangu. Kibali chetu kimetoka kama nyayo za kuku. Adventina wa ghalani kanirudishia: "Mzee Mashaka, hiki ni cha nchi gani?" Mikorosho imechanua, na ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia shambani kwa mjane Mwanamvua, ambaye hana kingine. Naomba Laurensia, kabla hajaadhibiwa, arudie kosa lake upesi. Na akishakosea, mtu yeyote asimrekebishe, hata nikija mimi.