Nirudishiwe Mjukuu Wangu Mpole

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Watoto.

Mheshimiwa Daktari,

KUHUSU: MUUGUZI WAKO WA CHUMBA CHA TATU

Natumaini barua hii inakukuta mzima na huna haraka, maana mimi nilipokuja kwenu sikumkuta mtu asiye na haraka. Mimi ni fundi saa. Nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyo kando ya dirisha, na kazi yangu haitaki kelele wala mtikisiko. Binti yangu hushinda kiwandani akishona mashati, nami ndiye ninayemlea mwanawe wa kike mwenye miezi tisa.

Mtoto huyo, Daktari, alikuwa hazina. Nilikuwa namlaza mkekani karibu na meza, nikimtazama tena baada ya saa nzima namkuta vilevile. Halii, hatambai, hashiki kitu. Wateja walinisifu kwa malezi, nami nikampa jina la Mstaarabu. Ni kweli maziwa aliyaacha nusu, na homa ilikuwa ikija na kuondoka. Nilisema ni meno. Meno yenyewe hayakutokea, lakini mimi ni mtu mvumilivu.

Jumanne moja alitapika mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, mwili ukawa moto kama pasi. Nikaacha kazi nikamleta kwenu. Hapo ndipo madhila yalipoanza, na nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Muuguzi hakuniuliza hata hali. Alikishika kiganja cha mtoto, akakilinganisha na chake, akamvuta kope la chini akachungulia. Kisha akasema, "Babu, huyu si mpole. Huyu hana nguvu za kulia." Mbele za watu! Kina mama kumi na mmoja kwenye benchi wakageuka wote kunitazama.

2. Alinidai mkojo wa mtoto. Nikamvua nepi niikamue, akakataa, eti wa nepi una uchafu na utadanganya maabara. Akamsafisha mtoto, akanipa kikopo, akaniambia nimpakate nisubiri. Nikakaa dakika hamsini na mbili nikikinga kikopo kama mtu anayesubiri bomba la maji. Mwishowe muuguzi akachovya pamba kwenye maji baridi, akamsugua chini ya kitovu, na mkojo ukatoka. Nusu uliingia kikoponi, nusu kwenye shati langu. Benchi zima likapiga makofi. Sikuomba makofi.

3. Majibu yakaja: maambukizi kwenye njia ya mkojo, na kipimo cha damu nane badala ya kumi na moja. Nikasema haiwezekani, mkojo wa mtoto huyu haujawahi kunisumbua. Muuguzi akajibu kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unamsumbua yeye, babu. Hana mdomo wa kukuambia unachoma." Nikatazama sakafu yenu. Ina ufa karibu na mlango, mtauziba lini?

4. Tulipewa dawa ya maji ya siku kumi. Siku ya tatu homa ikakatika, nami kama mtu yeyote mwenye akili nikaifungia chupa kabatini. Kumbe muuguzi alichukua namba ya simu ya binti yangu! Akampigia kazini kuuliza, na binti yangu akanipigia mimi, akisema kwa sauti ile ile ya marehemu mama yake. Chupa ikatoka kabatini. Tuliimaliza hadi tone la mwisho.

5. Maambukizi yalipopona ikafuata dawa ya kuongeza damu. Hii ilimfanya mtoto apate choo cheusi kama lami. Nilikuja mbio na nepi mkononi, nimevaa kandambili zisizofanana, na muuguzi akacheka mpaka akashika ukuta. "Si nilikuambia, babu? Ni madini ya chuma hayo." Huenda aliniambia. Aidha, alipiga marufuku chai niliyokuwa nikimnywesha mtoto, akataka maini, maharage ya kuponda na mboga za majani. Sasa napika. Umri huu, Daktari, naponda maini kwa uma.

6. Hili ndilo kubwa. Wiki ya saba tangu Jumanne ile imefika, na Mstaarabu hayupo tena. Aliyepo anatambaa kama amefungwa injini. Amelivuta pazia likaanguka lote. Ilibidi meza niipandishe juu ya matofali ili asifikie skrubu. Nikimwondoa kwenye jambo lake anapiga yowe, fundi bomba wa nyumba ya pili anauliza kuna nini. Na akiniona tu nikiinua uso, anacheka kwa mashavu yake mapya, kibano kinanidondoka. Saa za watu zimelala wiki nzima bila kuguswa.

Kwa hiyo naomba muuguzi aonywe, nirudishiwe mjukuu wangu wa zamani, na nijulishwe kwa maandishi hali hii itaendelea hadi lini. Yeye nilipomuuliza alinijibu, "Miaka mingi, babu, Mungu akipenda," jibu ambalo si la kitaalamu.

Nisalimie mtu wa maabara, mlinzi wa geti, na kina mama wote wa benchi.

Wako nisiyeridhika,

Fundi Saa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, jirani yangu, mama muuza mkaa, amepita na mwanawe wa miezi saba. Amemtazama wetu anavyorukaruka, akaniambia kwa fahari kwamba wake ana adabu, tangu juzi amelala tu, hata kunyonya hadai. Nimemvuta mtoto huyo kope: ndani ni peupe kama karatasi. Barua hii utaipata mkononi mwangu, maana nimeshambeba na mama yake anafunga mlango. Tafadhali mwambie muuguzi wa chumba cha tatu asiende kula kwanza. Tunakuja.