Siri ya Bibi Shwari wa Dirisha la Pili

Jumatatu, 4 Machi
Nimemfokea mteja tena hapa ofisi ya maji. Kasema bomba lake linatoa hewa tu. Nikamwambia basi ajipepee. Meneja akaniita. Nikifoka tena wiki hii, nahamishiwa ghala la mita mbovu. Mimi! Na panya! Mke wangu, ambaye ni nesi, kanipima presha, akaguna.

Jirani yangu kazini, dirisha la pili, ni mama mmoja tuliyempachika jina la Bibi Shwari. Anatukanwa kutwa, hata kope haimchezi. Ana nini yule?

Jumanne, 5 Machi
Mbinu: pamba masikioni. Nikatabasamu, nikamwitikia kila mtu kwa kichwa. Asubuhi tamu! Mchana ikajulikana nimeahidi nusu ya mtaa maji ya bure. Meneja kanipokonya pamba. Lakini sikufoka.

Jumatano, 6 Machi
Nimeona muujiza. Jitu la miraba minne limegonga kioo, likamwita Bibi Shwari mwizi. Akaliacha limalize. Kisha akaliuliza taratibu nyumbani kuna nani. Likasema mama yake mgonjwa, hajaogeshwa tangu jana. Likalia! Papo hapo akampigia simu fundi. Nywele zilinisimama. Sijapata kuona mtu mkubwa vile, na silisemi lile jitu.

Nikamwuliza siri. Eti hakuna: mchana huzunguka jengo kunyoosha miguu, jioni humlalamikia dada yake mpaka moyo utue, hulala mapema. Akaniuliza mimi huwa namlalamikia nani. Anamdanganya nani? Nimechungulia chini ya meza yake. Anavua viatu, anavaa kandambili za bluu. Nimemshika!

Alhamisi, 7 Machi
Nimeziiba. Ndogo, vidole vyote nje. Mteja kaniita punguani. Nikangoja utulivu upande kutoka miguuni, ikapanda hasira. Nikainuka nimfokee, kandambili ikakatika, kidevu kikagonga kaunta, nikauma ulimi. Nilishindwa hata kufoka!

Bibi Shwari akaona kandambili zake miguuni mwangu. Akamhudumia mteja wangu, akaniletea kitambaa chenye maji baridi. Niliona haya, na nilimstaajabia mpaka machozi yakanilenga.

Ijumaa, 8 Machi
Nabaki dirishani! Bibi Shwari kanitetea kwa meneja. Halafu akaniambia, “Twende tukazunguke, mwanangu, unieleze yanayokusumbua.” Nikamjibu nina kazi nyingi.

Alipotoka nikapekua mkoba wake. Chupa ya maji. Nimeyanywa yote. Nasubiri utulivu.