Kikohozi na Chandarua cha Tausi

Jumapili, 4 Juni 1950

Mama mkwe, Bi Somoe, amekuja kutoka Chamazi na kikapu cha mihogo. Kanywa chai. Kamvua Tausi kanga. Kamgeuza huku na huku, anatazama alama za mbu mgongoni kama karani anayekagua magunia. Halafu katoa hukumu: mtoto huyu hapa Temeke ataliwa mpaka abaki mifupa. Kasema atarudi Alhamisi ya wiki ijayo, na kaka yake, siku ya kukagua magobori. Akikuta Tausi hana chandarua, sote wawili tunafunga virago kwenda Chamazi.

Nimesema ndiyo mama. Ningesema nini?

Chamazi! Nguruwe wengi kuliko watu. Nitapewa debe nikae juu ya dungu shambani kupigia nguruwe kelele, na Tausi mgongoni. Marijani, mume wangu, yuko Kilosa kwenye kibarua cha reli mpaka mwisho wa mwezi. Kaniachia vitu viwili vya kutunza: Tausi na gobori la marehemu baba yake.

Gobori lina jina. Kikohozi. Ukifyatua hukohoa kwanza, kho, kho, ndipo likalia. Nguruwe wakisikia kikohozi wanapata nafasi ya kuondoka kwa heshima.

Tausi kalala na kidole changu mkononi. Hakiachii. Nani atamtoa huyu Temeke? Hakuna.

Jumanne, 6 Juni

Nimepata akili! Imenijia ninakuna nazi.

Wiki ijayo, Jumatano na Alhamisi, karani wa Boma anakaa barazani kwa Jumbe kupiga mihuri leseni za magobori. Watu wanatoka Gongo la Mboto, Chamazi, kote huko. Kumbe kule nje ya baraza ni soko kamili. Huyu anauza pembe ya baruti, yule anabadilisha gobori kwa mbuzi, yule anasifia mtambo wake kama anaposa. Wakipatana wanaingia kwa karani pamoja, jina linabadilishwa. Na sasa ni msimu wa nguruwe, kila mtu anataka gobori.

Basi. Nitamuuza Kikohozi kwa bei nzuri. Nitanunua jingine bovu kwa bei ya chini. Tofauti ni chandarua. Alhamisi karani anataka kuona gobori moja kwa jina la Marijani. Hakusema lenye sura gani. Namba za kwenye leseni nitazifikiria baadaye. Mie nilisoma mpaka darasa la tatu, hesabu za kujumlisha nilizipenda, za kutoa hatukuelewana.

Nikaenda dukani kwa Mohamedjaffer. Mkewe, Bi Zohra, kanionyesha chandarua. Cheupe, kina taraza ya urembo kwenye pindo la chini. Cha mwisho dukani. Nikamwomba anifichie mpaka Jumatano. Kamtazama Tausi, Tausi kamchekea na jino lake moja, basi kakisukuma chini ya majora ya kaniki. Kasema mwisho Jumatano adhuhuri, mumewe asijue.

Natoka, nagongana na Zuena jirani yangu. Anatafuta chandarua! Cha nini, na hana mtoto mchanga? Cha kufunikia maandazi yake, nzi wasitue.

Maandazi! Mwanangu analiwa mgongo, maandazi yanataka taraza!

Ijumaa, 9 Juni

Nimemwogesha Kikohozi. Majivu kwanza, halafu limau, halafu mafuta ya nazi ndani na nje. Kang'aa mpaka Tausi anajiona kwenye mtutu, anapiga kelele za furaha.

Zuena kachungulia uani. Kauliza kama nampika. Kasema harufu inamkumbusha wali wa arusi. Kisha kasema mumewe yeye ana bunduki ya marisau, ya kukunja katikati, haitaki kuogeshwa. Nikamwambia hongera. Nikamwambia pia maandazi yake ya jana yangefaa kuwa risasi. Kanuna. Nimefurahi siku nzima.

Jioni nimekuta sisimizi wawili wanaingia mtutuni. Wawili tu. Si neno.

Jumatatu, 12 Juni

Kitu kimoja kilinisumbua. Mwanamke anauza gobori, na mtoto mgongoni, watamshusha bei mpaka chini. Nahitaji mtu wa kujifanya mnunuzi. Aje kama hanijui, amsifu Kikohozi, ataje bei kubwa. Wengine wakiona hivyo, nao watapanda.

Nani? Alfonsi.

Alfonsi ni mlinzi wa ghala la pamba, anakaa nyumba ya tatu. Alikuwa askari wa Kingi wa Waingereza, kapigana vita vya Bama, ana nishani, anaijua bunduki kama mie ninavyoujua mwiko. Akisema gobori zuri, nani atabisha? Halafu ni Mnyamwezi, mie Mzaramo. Watani kabisa! Tangu enzi za misafara, wao wabeba mizigo wa bara, sie watu wa pwani. Kila asubuhi akipita hapa hunisalimu kwa matusi. Tausi, yeye Alfonsi humwita mkewe. Nani atanisaidia kama si mtani?

Nikamweleza mpango wote. Kaniuliza mara mbili: yaani mie mwenyewe ndiye nitakayempa gobori mkononi, mbele ya watu? Nikamwambia ndiyo, ulishike, uliweke begani, uonyeshe unalitaka kweli. Kacheka mpaka kakaa chini. Kacheka mpaka kajifuta machozi na kofia. Nikafurahi kuona mtu anaipenda kazi.

Nimemwahidi mchuzi wa kuku.

Jumatano, 14 Juni

Siku mbaya. Naandika huku Tausi ananyonya na kuvuta kalamu, tusameheane mwandiko.

Asubuhi ilianza vizuri. Nje ya baraza watu tele, magobori tele, wazee wanachungulia mitutu kwa jicho moja. Nimemtandikia Kikohozi kanga yangu mpya. Mzee Sadallah wa Gongo la Mboto kasimama. Nikamwamkia shikamoo, kaitika marahaba mwanangu. Kamnusa. Kauliza hili gobori au bakuli la wali? Lakini kalipenda! Kataja bei. Si mbaya. Ningenyamaza hapo ningekuwa na chandarua sasa hivi.

Nikakonyeza.

Alfonsi kaja, kofia ya jeshi, nishani kifuani. Kamnyanyua Kikohozi. Kasema kwa sauti ya gwaride, wallahi, yeye Mkristo anasema wallahi, gobori kama hili hajaliona toka Bama. Kataja bei mara mbili ya ile ya Mzee Sadallah. Watu wote wakageuka. Moyo wangu ukacheza! Mzee Sadallah akaanza kukuna ndevu, anapanda, naona kabisa anapanda.

Ndipo Alfonsi akamweka Kikohozi begani, kapiga kisigino, kapaza sauti: "Mzaramo kanipa mwenyewe, mkononi! Mtani, nimechukua!"

Akaondoka. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hakukimbia hata. Kwa nini akimbie? Mtani akichukua, kachukua. Ukilia wanakucheka, ukinuna wanakucheka zaidi. Na baraza zima lilipasuka. Wengine walimpigia makofi ya gwaride. Jumbe mwenyewe kashika mbavu. Mzee Sadallah kacheka mpaka kaishiwa pumzi, halafu, pumzi ilipomrudia, kanunua gobori la mtu mwingine.

Tausi naye alicheka. Mwanangu mwenyewe! Anampungia mkono!

Nimemfuata Alfonsi mpaka kwake, kafunga mlango. Nimekimbilia dukani, adhuhuri imeshapita. Bi Zohra hakuweza kunitazama usoni. Mumewe alishusha jora la kaniki, kakiona, kakiuza hapo hapo.

Kwa nani? Nimerudi nyumbani nimemkuta Zuena uani. Maandazi yake yamelala chini ya taraza kama maharusi. Kaniambia pole, Mama Tausi, nasikia umeolewa na mtani. Nikasema asante.

Sina gobori. Sina chandarua. Kesho mama mkwe. Kesho karani anaita jina la Marijani, na asiyeonyesha gobori anaitwa Boma kujieleza.

Nimemweka Tausi kifuani, nimempungia mbu kwa kipepeo cha ukindu. Nikamwambia, tutakwenda Chamazi, mama, utazoea debe. Kapiga chafya. Hataki.

Alhamisi, 15 Juni

Nimechinja jogoo wangu, mapema. Nimempelekea Alfonsi mchuzi, kukomboa. Kaupokea kwa kupenyeza mkono mlangoni, uso hauonyeshi. Nikasema toka, tuzungumze. Kajibu kutoka ndani kwa sauti ndogo: "Siwezi, naona haya. Nitatazamanaje na mama mkwe wangu?"

Mama mkwe wake ndiye mie! Kwa kuwa Tausi ni mkewe!

Nikamwambia Alfonsi baba, utani una mpaka, nirudishie. Kasema gobori atampa mkewe mwenyewe, mkononi, mbele ya wazee. Si kwa wakwe, wakwe wana tamaa, jana walitaka kuliuza. Nikalia kidogo. Halafu sauti ikasema, mchuzi umepungua chumvi.

Nimekwenda barazani mikono mitupu. Bi Somoe keshafika na kaka yake. Nikamwamkia, kaitika, akauliza mambo mawili kwa pumzi moja: chandarua kiko wapi na gobori liko wapi. Nikasema vinakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulijisemea.

Karani akaita. Marijani Mwinshehe! Nikainama kumfunga Tausi kanga upya. Marijani Mwinshehe! Nikamfunga tena. Karani kachovya kalamu, anataka kuandika lile neno ambalo sikutaka kuliona. Bi Somoe ananitazama. Nikaona dungu, nikaona debe.

Kushoto, kulia, kushoto, kulia!

Alfonsi. Kikohozi begani, furushi la kijani kwapani. Kaenda moja kwa moja kwa Tausi, kapiga saluti, kamshikisha kitako cha gobori kwa vidole vyake vidogo, kasema mke wangu, mali yako. Tausi kakilamba.

Bi Somoe kasimama, mikono kiunoni. Kauliza mbeba mizigo huyu tangu lini kaoa kwangu bila mahari? Alfonsi kafunika uso kwa kofia, anaona haya, kasema mahari ninayo, bibi, ila nilisikia Wazaramo huwa mnaila kabla haijafika. Bi Somoe kasema tuione, isije ikawa panya wa kuchoma. Watu wakaanza kukusanyika. Furushi likafunguliwa.

Chandarua! Cha jeshi, cha kijani, kimepita Bama yote, kina viraka viwili vilivyoshonwa vizuri. Kikubwa kama chumba. Bi Somoe kakivuta, kakinusa, katia kidole katika kila tundu akitafuta la kupitisha mbu. Hakuna. Kasema, haya, mkwe, kwa leo nimekubali. Halafu kanigeukia, kasema basi mtoto abaki. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayelipa deni, lakini kasema!

Karani akalinganisha namba za Kikohozi na leseni, moja moja, kwa ukucha. Zimepatana zote. Kisha akachungulia mtutuni. Wale sisimizi wawili kumbe walikuwa na ukoo. Wakatoka kwa mstari, wakapanda pua ya karani, wakaingia kwenye miwani. Karani kapiga muhuri haraka, mwingine kaupiga kwenye mkono wake mwenyewe.

Njiani Alfonsi kaacha mzaha. Kaniambia, Mama Tausi, ungeuza gobori la leseni ya mtu, mtu mwenyewe hayupo, mumeo angerudi kutoka Kilosa akaingia jela moja kwa moja. Nilikuchukulia ili usiuze. Usifanye tena. Umenisikia?

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa namtazama Tausi kajifunika chandarua uso, anawacheka mbu.

Ijumaa, 16 Juni

Tausi kalala bila doa hata moja. Nimemkagua mie mwenyewe, kama bibi yake. Mgongo laini kama andazi. Simaanishi maandazi ya Zuena.

Kikohozi yuko chini ya kitanda, kavu, hana mafuta. Hatoki tena mpaka Marijani arudi. Nimeapa. Mambo ya magobori nimeyaacha kabisa.

Ila nimelala macho wazi nikikitazama kile chandarua. Kikubwa mno! Kinafunika kitanda, mie, Tausi, Kikohozi, kuku watatu, na pembeni kinabaki kitambaa cha bure. Mtoto mmoja anataka cha nini chote hicho? Ukikikata katikati ni vyandarua viwili. Na Ramadhani ndiyo hii inaingia, watu watakaa nje baada ya futari, mbu watawauma, kila mama Temeke atataka. Kipande kimoja cha Tausi, cha pili sokoni. Faida yake nitanunua taraza. Nyeupe. Pana kuliko ya Zuena.

Mkasi nimeazima kwa Bi Zohra. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mwanamke peke yake sokoni watamshusha bei. Nahitaji mtu wa kuja kama hanijui, akisifie, akishike mkononi mbele ya watu, ataje bei kubwa.

Na sasa namjua mtu anayeiweza kazi hiyo. Jumatano ile nani aliyetambua kuwa ananijua? Hakuna! Mzee Sadallah alikuwa anapanda bei kabisa!

Nimekwenda kumweleza asubuhi hii. Alfonsi kanisikiliza mpaka mwisho. Kauliza, mkononi, mbele ya watu? Nikasema ndiyo.

Kacheka mpaka kakaa chini. Dalili njema.